Mbio Anazijua, Mfundishe Kubadili Mwendo

Leo nina habari za farasi aliyestaafu mbio.

Ukipita Ngong Road, jijini Nairobi, utaukuta uwanja wa mbio za farasi uliofunguliwa mwaka 1954, ulio chini ya Jockey Club ya Kenya. Siku ya mbio watu huja na familia zao, wengine huweka dau, farasi hukimbia, mshindi hupigwa picha, kisha kila mtu hushika njia yake. Ni wachache wanaouliza: yule aliyeshika mkia anakwenda wapi? Na hata yule mshindi, akifika miaka mitano au sita na miguu ikaanza kumsumbua, anakwenda wapi? Farasi akitunzwa vizuri huishi miaka 25, na wengine hufika 30. Kazi ya mbio huisha angali kijana. Waliobahatika huchukuliwa na wachezaji wa polo, na shule za kupanda farasi, na watu wa mashindano ya kuruka viunzi, au na familia yenye shamba na mtoto asiyetaka kusikia habari ya mnyama mwingine.

Basi mmiliki mpya anamtandika, anampanda. Hatua za kutembea ni nzuri. Troti, ule mwendo wa kudundadunda, si mbaya. Kisha anaomba kanta, mwendo ulio kati ya troti na shoti. Hapo mambo yanabadilika. Farasi ananyoosha shingo, analalia lijamu kwa uzito wake wote, kona ya uwanja inakuja mbio, mpandaji anavuta hatamu, farasi anazidi kwenda. Jioni hiyo mmiliki anampigia rafiki simu: huyu mnyama ana wazimu, nimeuziwa balaa.

Mimi nasema hana wazimu. Anatenda kile alichofundishwa, na anakitenda kwa utiifu mkubwa. Tena nasema kwamba dawa ya kanta yake haimo ndani ya kanta. Imo katika sekunde chache kabla ya kanta na sekunde chache baada yake: jinsi anavyopanda kutoka mwendo mmoja hadi mwingine, na jinsi anavyoshuka. Mwenye kushughulikia mabadiliko hayo ya mwendo ataikuta kanta imejitengeneza. Anayeng'ang'ania kanta yenyewe atakuwa anavutana na farasi mwenye kilo 500, na matokeo ya mvutano huo tunayajua.

Tuanze na shule aliyosoma. Farasi wa mbio kwa kawaida ni wa ukoo wa Thoroughbred, uliotengenezwa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18. Kwa upande wa baba, ukoo wote wa leo hurudi kwa madume watatu waliotoka mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley Arabian alitoka Aleppo, nchini Syria, akapelekwa Uingereza mwaka 1704. Kwa zaidi ya miaka 300 sasa wafugaji wamekuwa wakichagua, kizazi baada ya kizazi, sifa moja kuliko zote: nani atatangulia kufika.

Mtoto wa ukoo huo huanza kupandwa akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Derby ya Epsom, iliyoanza mwaka 1780, ni ya farasi wa miaka mitatu, na Derby nyingi duniani zimefuata desturi hiyo. Miaka mitatu, ilhali mifupa ya uti wa mgongo wa farasi haijakomaa hadi afikishe mitano au sita. Kwa hiyo anamaliza kazi ya kwanza ya maisha yake kabla mwili haujamaliza kujijenga.

Shuleni humo alifundishwa nini? Alifundishwa kwamba joki akifupisha hatamu na kuzikaza, kazi imeanza, jilaze kwenye lijamu uende. Zikilegea, mbio zimekwisha, punguza taratibu. Alifundishwa kwamba mtu aliye juu yake hakai. Anasimama kwenye vikuku vifupi, makalio hewani, mgongo wa farasi uko huru. Alifundishwa kwamba miguu ya mtu iko juu karibu na tandiko na haishuki kumgusa mbavu. Alizoea kukimbia na wenzake, kwenye njia pana, kona zake ndefu. Marekani karibu mbio zote za farasi huzunguka upande wa kushoto, ndiyo maana farasi aliyetoka huko mara nyingi ana upande mmoja wenye nguvu na mwingine dhaifu. Na baada ya mstari wa mwisho hakuna aliyemwambia simama hapa. Joki huinuka, hulegeza mikono, na farasi hupungua mwenyewe mwendo wa mita mia kadhaa.

Sasa mwingize farasi huyo kwenye uwanja wa mazoezi wa mita 20 kwa 40. Mpandaji amekaa kitako mgongoni, jambo geni. Miguu imening'inia ubavuni, jambo geni. Anaogopa kidogo, kwa hiyo amekaza hatamu, na hilo si geni hata kidogo: hiyo ndiyo lugha ya kukimbia. Duara la mita 20 lina mzunguko wa kama mita 63. Farasi akiwa katika kasi ya mbio hufunika karibu mita saba kwa kila mruko, maana yake duara zima kwake ni miruko tisa. Hata akipunguza nusu, kona zinamfikia kabla hajapanga miguu. Waswahili walisema mazoea yana tabu, na tabu ya huyu ni kwamba mazoea yake yalikuwa sahihi mahali pengine.

Msikilizaji, ili tuelewane ni lazima tuiangalie kanta yenyewe inavyokwenda. Hatua ya kutembea ina midundo minne. Troti ina miwili, miguu ikienda kwa jozi za kimshazari. Kanta ina mitatu. Chukua kanta ya kulia. Unaanza mguu wa nyuma wa kushoto, peke yake. Unafuata wa nyuma wa kulia pamoja na wa mbele wa kushoto, kwa mpigo mmoja. Unamalizia wa mbele wa kulia, huo tunaouita mguu unaotangulia. Halafu kuna kitambo kidogo farasi yuko hewani, hakuna kwato inayogusa ardhi. Moja, mbili, tatu, kimya. Moja, mbili, tatu, kimya. Shoti ya mbio ni tofauti: ile jozi ya katikati huachana, midundo ikawa minne, mwili ukarefuka na kujilaza chini.

Na pumzi nayo imefungwa hapo hapo. Katika kanta na shoti farasi huvuta na kutoa pumzi mara moja kwa kila mruko. Akikaza mwili kwa hofu, pumzi inabana, na mruko unakuwa mfupi wenye papara. Akilegea, utamsikia anakoroma puani kwa mpangilio, puh, puh, puh. Mkufunzi mzuri husikiliza pua ya farasi kabla ya kutazama miguu yake.

Jambo jingine ni uzito. Farasi akiwa amesimama hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele. Hana mtulinga, mabega yake yameshikwa na misuli mitupu. Miguu ya nyuma ndiyo yenye injini. Farasi aliyesawazika hupeleka miguu ya nyuma chini ya tumbo, akaketi kidogo, mabega yakawa mepesi. Farasi wa mbio katika uwanja mdogo mara nyingi huwa kama mkokoteni wenye mzigo unaoteremka mlima: uzito wote uko mbele, na miguu inalazimika kukimbilia uzito ili isianguke. Ukiuona hivyo utaelewa kwamba ile kasi inayokutisha haitokani na hamu ya kushinda. Anakimbia kwa sababu amepoteza mizani, na kuongeza mbio ndiyo njia pekee anayoijua ya kutoanguka.

Na ndiyo maana kuvuta hatamu hakusaidii. Unapovuta, unampa mguu wa tano wa kuegemea. Analala mkononi mwako, kifua kinazidi kushuka, miguu ya nyuma inabaki nyuma. Ukifanikiwa kumpunguza kwa nguvu za mkono, ile jozi ya katikati inaachana na kanta inakuwa ya midundo minne, mbele anaonekana polepole na nyuma anajikokota. Hiyo ni kanta iliyovunjika tu, hata kama imepungua kasi.

Njia ya kumpa mizani ni kumfanya abadili mwendo mara nyingi, kwa upole, kwa mpangilio. Kila anapotoka mwendo wa chini kwenda wa juu, ni lazima miguu ya nyuma isukume. Kila anaposhuka kwa utaratibu, ni lazima miguu ya nyuma iingie chini na kubeba. Rudia hayo siku baada ya siku na misuli ya mgongo, ya tumbo na ya mapaja inajengeka upya kwa kazi mpya. Wajerumani wana ngazi ya mafunzo yenye vipandio sita: mdundo, mwili kulegea, mgusano na lijamu, msukumo, unyoofu, na mwisho farasi kujikusanya. Angalia kilicho cha kwanza. Ni mdundo. Kujikusanya, ambako watu hudhani ni kuinamisha shingo tu na kukuhangaikia tangu siku ya kwanza, kuko juu kabisa ya ngazi.

Basi kazi inaanzia wapi? Inaanzia kwenye hatua ya kutembea, ambako hakuna haraka wala hofu. Tembea, simama, tembea. Lakini usisimame kwa kuvuta. Kaa mrefu kwenye tandiko, toa pumzi, acha kiuno chako kisifuate tena mwendo wake, funga mapaja kidogo, kisha vidole vya mkono vifumbe na kufumbuka. Akianza tu kuitika, legeza. Kule kulegeza ndiko kunakomwambia kwamba amepata jibu. Ukiwa na ukanda wa shingoni, ushike huo badala ya kuning'inia kwenye mdomo wake. Mwanzoni atapita hatua kumi ndipo asimame. Siku nyingine zitakuwa sita, baadaye mbili. Hapo umemfundisha jambo kubwa: kwamba mwili wa mtu una breki nyingine isiyokuwa mdomoni.

Msaidie pia kwa sauti. Saisi wa zizini, yule anayemlisha, anayempiga brashi na kumtembeza asubuhi, tayari ana maneno ambayo farasi anayafahamu. "Pole pole." "Simama." Mpandaji mwenye busara hujifunza maneno hayo kwa saisi na kuyatumia akiwa juu, kwa sauti ile ile. Unaweza pia kumzungusha kwa kamba ndefu, wewe ukiwa chini, umfundishe kupanda na kushuka mwendo kwa sauti kabla ya kubeba mtu. Usizidishe, maana duara linachosha viungo vya miguu, hasa miguu iliyotoka kwenye mbio.

Kazi ya pili ni troti na kutembea. Katika duara la mita 20, troti nusu duara, tembea hatua nne au tano, troti tena. Kwanza fanya mabadiliko mahali pale pale kila mzunguko, ili ajue nini kinakuja na atulie. Akishatulia, badilisha mahali, ili aanze kukusikiliza wewe badala ya kukariri uwanja. Halafu jaribu hili: jifanye unataka kutembea, na pale anapojikunja kupunguza, mwachie aendelee na troti. Umempunguza bila kumshusha. Wapandaji wa shule za Ulaya wamejenga kazi yao yote juu ya ishara hiyo ndogo ya nusu-kituo, na farasi wa mbio huipokea vizuri kwa sababu haimgombezi.

Ndani ya troti hiyo hiyo, mfupishe miruko minne, mrefushe minne. Mwanafarasi Mfaransa François Robichon de la Guérinière, katika kitabu chake École de Cavalerie cha karne ya 18, alieleza zoezi la kwenda na bega limeingizwa ndani kidogo ya mstari, na mpaka leo hakuna dawa bora ya kulegeza upande ulio mgumu. Wiki za mwanzo hatua chache tu, wakati wa kutembea, zinatosha.

Sasa tumefika kwenye kanta, na hapa watu wengi hukosea kwa namna ile ile. Wanaikimbilia. Wanaharakisha troti, haraka, haraka zaidi, mpaka farasi anaanguka ndani ya kanta kwa kukosa njia nyingine. Fanya kinyume chake. Kabla ya kuomba kanta, punguza troti. Iwe fupi, yenye nguvu, yenye kusikiliza. Omba unapoikaribia kona, kwa sababu kona inampinda mwili upande unaofaa na kumsaidia kushika mguu unaotakiwa. Mguu wako wa ndani kwenye mshipi, wa nje nyuma kidogo, hatamu ya nje imetulia, macho juu. Usiiname mbele: joki alipoinama mbele, maana yake ilikuwa tuondoke.

Akishika kanta, usikae kwa uzito wote. Inuka kidogo kwenye vikuku, mwachie mgongo upumue, maana misuli ya kubeba mtu aliyeketi bado haipo. Na sasa jambo lililo muhimu kuliko yote katika mazungumzo haya: mshushe kabla hajaharibika. Nusu duara tu ya kanta, miruko sita au minane mizuri, halafu omba troti angali ametulia. Usingoje aanze kukimbia ndipo uanze kumdai. Ukimshusha angali na mizani, kushuka kunakuwa kwepesi, na anajifunza kwamba kanta si mlango wa kuingilia mbio. Baada ya kushuka, usiombe kanta tena papo hapo. Tengeneza troti kwanza. Ikiwa troti baada ya kanta inakwenda kasi na juu juu, zunguka mpaka mdundo urudi, hata kama itachukua mizunguko mitatu. Ubora wa troti hiyo ndio utakaokuambia kama farasi yuko tayari kwa kanta nyingine.

Siku zikienda, nusu duara inakuwa duara zima, kisha upande mrefu wa uwanja. Weka miti mitatu chini, yenye nafasi ya kama mita tatu kati ya mmoja na mwingine, apite juu yake kwa kanta. Miti itampangia urefu wa mruko bila mkono wako kuingilia. Ukiwa na mteremko mdogo wenye ardhi nzuri, kanta ya kupanda mlima ni mwalimu wa ajabu, maana hakuna farasi anayeweza kupanda mlima bila kutumia miguu ya nyuma. Kushuka kutoka kanta moja kwa moja hadi kutembea ni kazi ya baadaye kabisa, miezi kadhaa mbele. Usiiombe kwa sababu umeiona kwenye mashindano.

Niguse matatizo mawili ambayo wasikilizaji wanaopanda farasi watayatambua. La kwanza, farasi hushika mguu usiotakiwa, au hubadili mguu hewani bila kuombwa, au mbele anakwenda kulia na nyuma kushoto. Farasi wa mbio hujua kubadili mguu katikati ya shoti; Marekani huelekezwa kushika wa kushoto kwenye kona na wa kulia kwenye mstari ulionyooka, ili apumzishe upande mmoja. Kwa hiyo usimwadhibu kwa ujuzi wake. Rudi kwenye troti, tengeneza, omba tena. Lakini ikiwa upande mmoja unakataa kabisa, wiki baada ya wiki, mwite daktari wa mifugo kabla ya kuongeza mazoezi. Mgongo unaouma, kiungo cha mguu wa nyuma kilichochoka, tandiko linalobana, jino lenye ncha linalokwaruza ndani ya shavu, vyote hivyo huonekana kwanza kwenye kanta na kwenye kushuka mwendo. Vidonda vya tumbo ni vya kawaida mno kwa farasi waliokuwa kwenye mazoezi ya mbio, waliolishwa nafaka nyingi na majani machache, na farasi mwenye vidonda mara nyingi hulaza masikio unapomgusa mbavu. Maumivu hayo hayaponywi kwa kiboko.

La pili ni lile shauri linalotolewa bure kila zizi: mkimbize achoke, akichoka atatulia. Huyu ni mwanariadha. Mwili wake umejengwa kwa kazi hiyo. Ukimkimbiza leo ili achoke, kesho atahitaji mara moja na nusu, na mwezi ujao utakuwa na farasi mwenye pumzi ya kushinda mbio ila hajui kusimama. Mazoezi ya dakika 30 au 40 yenye mabadiliko mengi ya mwendo humchosha akili na kumjenga misuli, na ndiyo uchovu unaomtuliza.

Je, juhudi zote hizi zina mwisho mwema? Historia inasema ndiyo. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, Mmarekani William Steinkraus alishinda dhahabu ya kuruka viunzi akiwa juu ya Snowbound, farasi aliyepitia mbio. Mwaka 1984, kule Los Angeles, farasi jike mdogo aitwaye Touch of Class, aliyekimbia mbio bila jina kubwa, alimpa Joe Fargis dhahabu mbili, moja yake na moja ya timu, akawa farasi wa kwanza kumaliza mizunguko miwili ya Olimpiki bila kuangusha kiunzi. Kuruka viunzi kunategemea kanta kabisa: mpandaji asiyeweza kuirefusha na kuifupisha kati ya kiunzi na kiunzi hafiki popote. Wale wawili walifundishwa hilo baada ya kutoka uwanja wa mbio.

Wenzetu wamelitambua hilo mpaka wakaliundia vyombo. Uingereza ina shirika la Retraining of Racehorses tangu mwaka 2000, lililoanzishwa na wenye mchezo wa mbio wenyewe. Marekani lipo Retired Racehorse Project, lililoanzishwa mwaka 2010, ambalo kila mwaka huwakusanya Lexington, Kentucky, farasi walioacha mbio karibuni ili waonyeshe kazi mpya walizojifunza. Hapa kwetu Kenya mchezo wa mbio una zaidi ya miaka 100, na mabingwa wa kuwafundisha farasi tunao. Beryl Markham, ambaye dunia inamkumbuka kwa kurusha ndege, alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio Kenya akiwa msichana. Masaisi wenye ujuzi wa miaka na miaka wapo hadi leo. Kinachohitajika ni kuliona zoezi la kumfundisha upya farasi aliyestaafu kuwa kazi kamili, yenye mshahara wake na heshima yake, badala ya kuwa jambo la kubahatisha la mmiliki mpya peke yake na simu yake.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama unafikiria kumchukua farasi wa aina hii, haya ndiyo ninayokuomba. Mpe kwanza wiki kadhaa za malisho na majani, apunguziwe nafaka, kwato, meno na mgongo vikaguliwe. Tafuta tandiko linalomkaa sasa, kisha likaguliwe tena mwili ukishabadilika, kwa maana utabadilika. Kaa na saisi wake na umsikilize, umlipe vizuri. Anza kwa kutembea na kusimama, na usione haya mtu akikupita kwa shoti. Jihesabie mabadiliko ya mwendo, uache kuhesabu mizunguko ya kanta. Na kila siku maliza akiwa bado anataka kuendelea.

Farasi aliyestaafu mbio mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo, na bei hiyo huwadanganya wengi. Gharama yake halisi ni mwaka mmoja wa kazi ya polepole, pengine zaidi. Asiye na mwaka huo amwachie mwingine. Aliye nao asiogope. Atapata farasi mwenye akili, mwenye moyo, na mwenye kanta ya kukaliwa na mtoto.